Mguu wa Bi Somoe

Juzi jirani yangu wa chini alichoma korosho kwenye jiko la mkaa, humohumo kibarazani, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hafanyi mjini. Moshi ukapanda ngazi, mweusi, mkali, wa kukwaruza koo, na wapangaji wenzangu wakatoka wameziba pua wakidhani nyumba inaungua. Mimi nilisimama mlangoni nikauvuta mpaka machozi yakanitoka. Wenzangu hukumbushwa utoto wao na harufu ya maandazi au ya asumini. Fungu langu mimi ni moshi wa maganda ya korosho, na wala sioni kuwa nilipunjwa.

Moshi ule ulikuwa wa uani kwa bibi yangu mzaa baba, Likombe, pembezoni mwa mji wa Mtwara. Nilipelekwa kwake nikiwa na miaka saba hivi, baada ya mama kujifungua mapacha na vyumba vyetu viwili vya kupanga kule Chikongola kukosa hata pa kuweka kikombe. Baba alikuwa akipakia magunia bandarini, na msimu wa korosho ulipofika tulimwona Jumapili tu, naye Jumapili alilala. Ikaamuliwa niende kwa Bibi mpaka watoto watambae. Nilikwenda na magauni mawili na adabu nyingi.

Adabu ile ndiyo iliyonitia matatani. Nyumba yetu ya Chikongola ilikuwa na wapangaji wa kila kabila, na kwa kuwa hakuna aliyezijua vizuri mila za mwenzake, wote waliishi kwa heshima ya wageni. Mama alitufundisha kumwamkia kila aliyetuzidi umri, kushusha macho, kupokea kitu kwa mikono miwili. Mtu mzima kumtolea mtu mzima mwenzake neno baya, tena mbele ya watoto, kwetu hilo lilikuwa jambo la kuitiwa mjumbe wa nyumba kumi.

Bibi alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akavuka akiwa mwali kuja kuolewa upande huu, na chale za Kimakonde mashavuni mwake zilikuwa zimeanza kumezwa na mikunjo. Alikuwa na mambo yake madogomadogo ambayo niliyaona ya ajabu. Aliweka mtungi wa maji na kata pembeni mwa njia kwa ajili ya wapita njia, na kila asubuhi aliumwaga na kuujaza upya hata kama haujaguswa, kwa kuwa maji yaliyolala, alisema, hapewi mgeni. Akifagia uwanja wake alipitiliza mpaka nusu ya uwanja wa jirani, na jirani akishukuru yeye husingizia ufagio kuwa umezoea kutangatanga. Chai yake hakuinywa ndani hata siku moja. Alitoa kigoda, akakaa kuelekea njiani, akanywa taratibu huku akisalimiana na kila apitaye, na mimi nilipomuuliza kwa nini hanywi kwanza ikiwa ya moto, aliniambia kwamba chai ya kujifungia ni dawa, si chai.

Halafu alikuwepo Bi Somoe. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, Mmakua, mjane kama Bibi, mwenye sauti ya kusikika shamba la pili. Asubuhi yangu ya kwanza pale, nikiwa bado nanawa uso, alisimama penye ua wa makuti akauliza, "Kizee, bado hujafa tu? Mchele wa matanga yako nimeshauloweka, utaniharibikia." Bibi alimjibu kuwa auache uendelee kuloana, utafaa kwa matanga yake mwenyewe.

Ninyi mnaosoma, wa rika langu, mmeshacheka. Mmeshajua kuwa wale walikuwa watani. Watu wa ukoo wa Bibi na wa ukoo wa Bi Somoe walitaniana tangu kwa mababu, na mtani ana haki ya kukusema, kukuchukulia kitu chako na kukucheka hadharani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Mimi sikujua. Hakuna aliyenieleza kwa sababu hakuna aliyefikiri yuko mtoto wa Kimakonde asiyejua. Watoto wa kule hulijua jambo hilo wakiwa bado mgongoni. Mimi niliona mwanamke anayekuja kila siku kumwombea bibi yangu kifo.

Na alikuwa mwizi pia, kwa macho yangu. Siku moja tulishinda porini tukichimba ming'oko, ile mizizi ya kwetu ya kuchemsha, tukarudi migongo inauma. Bibi alipoiepua tu, Bi Somoe akaingia, akanyanyua sufuria nzima, akaondoka nayo akisema meno ya Bibi hayastahili kazi ngumu kiasi kile. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kile nilikijua, au nilijidanganya kuwa nakijua: ndicho nilichocheka mimi mbele ya mwalimu mwenye fimbo. Nikaamini Bibi anamwogopa. Wala sikujiuliza kwa nini kesho yake sufuria yetu ilirudi na samaki wa kupaka ndani yake; nilimla samaki, nikaendelea na chuki yangu.

Msimu ukiwa umepamba moto, Bi Somoe alikwenda Masasi kwa binti yake aliyejifungua. Nilifurahi. Nyumba ilitulia, Bibi akawa anatoka na kigoda chake na kutazama njia kwa muda mrefu kuliko kawaida, nami nikadhani ndiyo raha ya kuondokewa na adui.

Wakati huohuo akaja mgeni kutoka ng'ambo. Kule kulikuwa na vita, watu wakipigania nchi yao, na waliovuka mto walikuja na habari kabla hawajaja na mizigo. Mgeni huyu alikunywa maji ya mtungini, akauliza jina la Bibi, akaingia, akafungua kifurushi. Ndani yake mlikuwa na kaniki moja iliyokunjwa vizuri. Ilikuwa ya mdogo wake Bibi, wa tumbo moja, ambaye hawakuonana tangu vita vianze. Alikufa kwa homa wakiwa wanakimbilia porini, wakamzika hukohuko, na mgeni hakuweza kusema ni mahali gani.

Bibi hakulia. Aliipokea ile kaniki kwa mikono miwili, akaenda kitandani, akageukia ukutani. Majirani walikuja wakatandika majamvi, dua ikasomwa, wanawake wakazungumza kwa sauti ndogo, na baada ya siku mbili wakarudi mashambani kwa sababu korosho zikianguka hazingoji mtu. Hapakuwa na maiti ya kusindikiza wala kaburi la kutazama. Bibi alibaki vilevile. Nilimpikia uji, alikunywa vijiko viwili ili kuniridhisha, kisha akasema umemtosha. Mtungi wa njiani ukakauka. Niliwaona watu wakiinua kata, wakachungulia ndani, wakairudisha polepole na kwenda zao, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Nilijua bibi yangu anakufa.

Siku ya tatu tangu majirani waondoke nikamwona Bi Somoe anateremka kutoka kwenye lori la magunia, huku njiani. Mtu alimpa habari palepale, maana aliacha mzigo wake chini akaja mbio kwetu, kanga ikimwanguka begani. Nilimwahi penye ua. Nilikuwa mdogo lakini nilisimama katikati ya njia nikatanua mikono. Nilifikiri: huyu amengoja siku hii mwaka mzima, na leo amekuja kuifurahia. Nikamwambia, kwa adabu yote niliyofundishwa, shikamoo, na kwamba Bibi amesema hataki kumwona, asikanyage tena uwanjani kwetu.

Alisimama. Nilitegemea anitukane. Badala yake alijifunga kanga yake vizuri, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Amesema mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akageuka, akaenda kuchukua mzigo wake. Nami nikaingia ndani nikijiona shujaa.

Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, mengine kwa gharama kubwa, lakini nikiulizwa lililo baya kuliko yote nitalitaja hilo.

Jumapili Baba alikuja, na Jumapili hiyo hakulala. Alikaa tangu asubuhi kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake, akimbembeleza anywe japo chai. Mimi nilikuwa mkekani, chini, nikibangua korosho ambazo hakuna aliyezitaka. Bibi aligeuza kichwa kidogo, akaniuliza mimi, si Baba.

"Siku ile nilimsikia Somoe hapo njiani. Amerudi?"

Nikasema amerudi.

"Na hajaja. Basi mimi nimeshakufa, mjukuu wangu. Mtani hamsusi mtu aliye hai."

Chozi la kwanza tangu habari ile ifike likamtoka, likapita kwenye zile chale, likaingia kwenye mto wa kulalia, maana ulikuwa umekaa vibaya na hakuwa na nguvu ya kuurekebisha. Baba alitoka uani. Nilimfuata. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshindwa na gunia, na Baba gunia halikuwahi kumshinda. Akaniambia, kama anayejisemea, kuwa haelewi kwa nini Bi Somoe hajakanyaga hapa. Kwetu, alisema, mfiwa hainuliwi na ndugu zake. Ndugu wakimwona analia wanalia naye, na kilio kinaongezeka. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumcheka mpaka ainuke.

Nikamuuliza kama Bi Somoe si adui yake. Baba alinitazama kwa mshangao.

"Adui? Huyo ndiye anayempenda bibi yako kuliko sisi wote tukijumlishwa."

Nilianza kutembea, kisha nikakimbia. Nyumba ya tatu haikuwa mbali, lakini sijawahi kwenda safari ndefu kama ile, na nimeshafika mbali. Bi Somoe alikuwa amekaa mlangoni, ungo mapajani, hapepeti chochote. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikamwambia kuwa nilisema uongo. Bibi hakumkataza. Bibi anamngoja.

Akauliza kwa nini nilifanya vile, na mimi nikamweleza ukweli wangu: kwa sababu unamtukana, unatuibia ming'oko, na kila siku unamwuliza kwa nini hafi.

Kwanza hakuelewa. Alipoelewa alianza kucheka, akacheka mpaka ungo ukaanguka, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kilio, na mimi nikalia naye kwa kuwa sikujua la kufanya. Aliniambia siku zote zile amekaa pale mlangoni akijiuliza ni neno lake gani lililovuka mpaka, akihesabu utani wake wote tangu walipokuwa wasichana. Kisha akajifuta uso kwa upande wa kanga, akauliza, "Amekula?" Nikasema hajala. Akainuka.

Sasa hapa naomba mnisikilize, maana mpaka leo nikilisimulia hili mwili hunisisimka. Bi Somoe aliingia ndani akatoka amevaa koti la marehemu mumewe, ndani nje. Alichota majivu jikoni akajipaka uso mzima. Akachukua ungo na mwiko, akauchapa kama ngoma, na akashika njia mchana kweupe akicheza, kiuno huku, mguu huku, akilia kilio cha uongo kwamba kizee wa Kimakonde amekufa na deni la sufuria ya samaki. Watu wakatoka majumbani. Waliokuwa wakiokota korosho wakaacha, watoto wakajipanga nyuma yake, na tulipofika kwetu alikuwa na msafara wa harusi. Baba alipomwona alikaa chini, palepale mchangani, akashika kichwa akicheka.

Bi Somoe alikwenda moja kwa moja mpaka kitandani. Hakutoa pole. Alipanda, na majivu yake, na koti lake, akajilaza ubavuni mwa Bibi, akageukia ukutani vilevile, na kitanda cha kamba kikalia. "Sogea," akasema. "Unakufa peke yako kwa uchoyo gani? Tugawane."

Watu waliojaa mlangoni wakaacha hata kupumua. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa kitanda, na niliona bega la Bibi linatikisika. Nilidhani analia. Kisha ikatoka sauti, kavu, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

"Somoe, nenda kaoge. Kwa harufu hii hata Izraili ataogopa kuingia humu."

Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika bandarini. Bibi aligeuka, wakatazamana, pua kwa pua, mmoja mweupe wa majivu, na wote wawili wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, Bi Somoe akilitaja jina la mdogo wake Bibi, akimwiga alivyotembea siku ya harusi, alivyoimba vibaya, alivyoogopa kuku. Kumbe alimjua. Kumbe wale watatu waliwahi kukaa uwanja mmoja kabla sijafikiriwa kuzaliwa. Wanawake waliokuwa wakinong'ona siku zile za dua sasa walisimulia kwa sauti, na marehemu, aliyezikwa pasipojulikana, akapata matanga yake.

Uji ukaletwa. Bibi akanywa kikombe kizima, akaomba kingine. Alipokuwa katikati ya kikombe cha pili ndipo akauliza swali nililokuwa naliogopa kuliko kifo.

"Na siku zote hizi ulikuwa wapi wewe?"

Chumba kilikuwa kimejaa watu. Baba alikuwa mlangoni. Bi Somoe hata hakunitupia jicho. Alijiinamia akashika kifundo chake cha mguu wa kulia, uso ukamkunjika kwa maumivu makubwa.

"Mguu," akasema. "Niliteguka nikishuka kwenye lori. Siku zote hizi sikuweza kukanyaga."

Nawaambia, mguu huo ulikuwa umetoka kucheza ngoma njia nzima, mbele ya mtaa mzima. Hakuna aliyemsuta. Bibi alimtazama, akautazama mguu, akaweka kikombe chini. Kisha akafanya jambo ambalo Baba tangu asubuhi hakuweza kumshawishi alifanye: alishusha miguu yake kitandani, akasimama. Akayumba, nikamshika. Akasema moto uwashwe, maji yachemshwe, niende nikachume majani ya mbarika. Aliukanda mguu ule mzima kwa maji ya moto na majani mpaka jua likashuka, akiusema kuwa ni mguu wa kunguru, na Bi Somoe alilia aii, aii, kila alipobonyezwa, wala hakukosea mahali pa kulia. Mimi nilikuwa nikipeleka maji na kurudisha beseni. Niliutazama mguu ule kwa karibu sana. Haukuwa na uvimbe wowote, nami nilijua kuwa unakandwa kwa ajili yangu.

Wiki nzima Bi Somoe alikuja kwetu akichechemea, na wiki nzima Bibi aliamka mapema kumchemshia maji. Alipokwisha kumkanda alijikuta ameshasimama, basi akafagia. Akishafagia akajaza mtungi. Na kwa kuwa mgonjwa hawezi kuachwa anywe chai peke yake, akatoa vigoda viwili. Matusi yalirudi, na nilianza kuyasikiliza kwa masikio mapya, kama mtu aliyefundishwa lugha. Nilijifunza kuwa huzuni ya mtu si lazima uibebe kwa uso mzito. Siku hizi tunatumiana pole kwa simu, na kile kimchoro cha mikono miwili, na sina ugomvi nacho. Lakini mimi nikifiwa nataka mtu aje anipande kitandani.

Jioni ya mwisho ya wiki ile nilimsindikiza Bi Somoe mpaka penye ua. Alichechemea vizuri hadi alipopita makuti, akadhani hapana amwonaye, basi akajinyoosha na kwenda zake kwa mwendo wa askari, akipunga mikono. Niligeuka. Bibi alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, anamwangalia. Nilijua yote yamekwisha, nikafungua mdomo nimwambie mwenyewe kabla hajaniuliza.

Bibi akaniwekea mkono kichwani, macho yake bado yakimfuata mwenzake aliyekuwa akipotea kwa hatua ndefu.

"Mguu ule bado mbaya sana," akasema. "Kesho kamwambie aje mapema."